Mwalimu Aliyeachiwa Wiki Nzima

Makaburi ya masharifu si haba Lamu, lakini hakuna linalovuta umati kama la Habib Swaleh, mwalimu wa chuo aliyefariki katikati ya miaka ya 1930. Ikifika wiki ya mwisho ya mwezi wa Mfungo Sita, mji huu wa vichochoro na punda hufurika wageni kutoka Mombasa, Tanga, Unguja, hata Ngazija. Husomwa maulidi ya Mtume, kisha watu huenda kumzuru mwalimu na kurudi kwa zefe, matari yakilia mjini. Kwa hesabu ya dini sherehe ni ya Mtume. Kwa hesabu ya mji, ni ya mwalimu pia.

Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalilail alizaliwa Ngazija karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana. Elimu aliyoikuta ilikuwa na wenyewe. Waungwana wa majumba ya mawe, wenye mashamba bara yaliyolimwa na watumwa, waliwasomesha watoto wao dini kwa undani. Mtumwa hakutarajiwa kujua mengi zaidi ya kutii. Naye Mshihiri, mhamiaji wa Hadhramaut aliyeshuka jahazini juzi, akiuza maji au kubeba mizigo, hakuwa na wa kumkaribisha darasani.

Hao ndio Habib Swaleh aliowafungulia mlango. Aliishi karibu nao, nje ya mitaa ya wakubwa, akawafundisha Kurani na kuwatibu pia, maana alisifika kwa dawa na dua. Amri ya kufuta utumwa katika pwani ya Kenya ilitoka 1907. Kwake, mtoto wa mtumwa alikuwa ameshakalia mkeka wa chuo kabla ya hapo.

Kilichowaudhi baadhi ya watu wa mji zaidi ya darasa lenyewe kilikuwa ngoma. Lamu ilizoea maulidi ya Barzanji, yanayosomwa kwa utulivu. Habib Swaleh akaeneza maulidi ya Habib Ali al-Habshi, mwanachuoni wa Seiyun huko Hadhramaut aliyefariki 1915, na akayasoma kwa matari. Tari msikitini! Wanachuoni wakabishana, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Ukiutazama usomaji huo kwa jicho la mwalimu, hata hivyo, mantiki yake iko wazi: mtu asiyejua kusoma Kiarabu huinasa kasida kwa sikio, kwa mwendo wa mwili, kwa kuitikia pamoja na wenzake. Ulikuwa mtaala, nao ulifaa wanafunzi aliokuwa nao.

Mtaala huo bado unaonekana usiku wa maulidi. Vijana wa kanzu na kofia hupanga safu mbili zinazotazamana. Kabla ya kuanza, matari hupashwa moto ili ngozi ikaze, kwa sababu tari lililolegea huharibu kasida nzima. Chetezo cha udi hupitishwa, marashi hunyunyizwa vichwani kwa mrashi, kisha safu huanza kuyumba taratibu, kiwiliwili kikienda na sauti. Mtoto wa miaka saba aliyesimama mwisho wa safu huenda hajui maana ya nusu ya maneno, lakini hakosei hata pigo moja.

Msikiti wake wa Riyadha, uliopewa jina la ule wa al-Habshi kule Seiyun, ulisimama mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwa chuo cha kutajika. Habib Swaleh alipofariki, wanawe, akiwemo Ahmad Badawi, waliendelea na kazi, na wanafunzi wake wakafungua vyuo kwingi pwani. Mwaka 1974 Abdul Hamid el-Zein, mwanaanthropolojia wa Misri, alichapisha kitabu kuhusu dini na matabaka Lamu, na Riyadha ikawa katikati ya simulizi lake. Hapo kuna kichekesho kidogo cha historia: chuo cha wasio na wenyewe kiligeuka kuwa chenye neno la mwisho mjini, na kizazi cha mgeni wa Ngazija kikawa miongoni mwa wakubwa.

Tangu Mji Mkongwe wa Lamu uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, vipeperushi vya utalii vimependa mno mbio za punda, mashindano ya mashua, bao na hina za siku za maulidi. Ni raha za haki, na biashara huchangamka. Ila msomaji wa vipeperushi hivyo anaweza kudhani sherehe ilianzishwa na punda.

Kazi ya kimya zaidi imefanyika kwenye makabati ya Riyadha. Miswada yake ya kale imepigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Mna fiqhi, nahau na mashairi ya dini, na kwenye baadhi ya kurasa za mwanzo imeandikwa kwamba kitabu ni wakfu. Aliyekitoa hakukusudia kiuzwe wala kirithiwe na mtu mmoja. Kilikuwa cha kusomewa na mwanafunzi yeyote atakayekuja.