Mtoto Asiyetulia Viungo: Tujifunze Kutokana na Historia



Ndugu wazazi na wanafunzi, hutokea mtoto aliyekuwa akiandika vizuri akaanza kuharibu mwandiko. Kalamu humponyoka, uso hujikunja, mikono hutupika bila ya yeye kutaka. Nyumbani huambiwa ana majini, na chuoni huchapwa kwa utundu.

Mwaka 1686 tabibu wa Uingereza, Thomas Sydenham, aliwaelezea watoto wa namna hii: mguu unaburutwa, mkono hautulii, na kikombe hakifiki mdomoni mpaka kizunguke huku na huku. Wazungu wa zama hizo waliyaita maradhi hayo "ngoma ya Mtakatifu Vitus", kwa jina la mtakatifu waliyekuwa wakimwendea kutaka shifa. Kwa hiyo si sisi tu tuliotafuta sababu katika mambo ya ghaibu.

Karne ya 19 matabibu waligundua kuwa wengi wa watoto hao huumwa pia viungo na moyo. Mwaka 1944 T. Duckett Jones wa Marekani aliyahesabu miongoni mwa dalili kubwa za homa ya baridi yabisi. Mwaka 1976 watafiti walitangaza kuwa katika damu ya watoto hao mna kingamwili zinazonasa kwenye seli za ubongo.

Inakuwaje? Mtoto huumwa koo kwa vijidudu vya streptokoki. Mwili hutengeneza kingamwili za kupigana navyo. Lakini vijidudu hivyo vinafanana kwa sehemu na seli zetu, basi kingamwili hukosea njia, zikazichokoza seli za ubongo zinazoongoza mwendo wa viungo. Hayo huweza kuja miezi kadhaa baada ya koo kupona, na mzazi ameshasahau.

Mara nyingi kutikisika huisha chenyewe. Hatari iko kwenye moyo: vali zake huweza kuharibika kimyakimya huku tukihangaika na waganga. Kinga yake ni sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka, kama daktari atakavyopanga.

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kujitibu, aliamrisha watu wajitibu. Basi tumsomee mtoto ruqya, na tumpeleke hospitali apimwe moyo. Mawili hayo hayagombani. Koo linalouma lisipuuzwe. Na sisi walimu, tuweke bakora chini, tumtazame mtoto kwanza.

Allah awape shifa watoto wetu wote. Aamiin.