Bahasha ya kondakta, mbiru na tangawizi ya shangazi

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nyumbani Same, na safari hii haikuwa ya kazi ya gazeti, ilikuwa ya msiba. Wale mnaotoka huko mnajua mambo yanavyokwenda: siku ya tatu, turubai likishashushwa na masufuria ya kuazima yakirudishwa kwa wenyewe, mazungumzo yanarudi kwenye hela. Shangazi yangu akanivuta pembeni.

Shangazi anauza unga wa tangawizi. Tangawizi yenyewe inashuka kutoka milimani, upande wa Mamba Myamba kule Same Mashariki. Ananunua mbichi, anaikata, anaianika, anaisaga, anafunga kwenye pakiti za robo kilo. Siku hizi wateja wake wengi hawako Same. Wako Dar, Dodoma, Mwanza. Wanaona picha kwenye simu, wanaagiza, yeye anapeleka mzigo stendi na basi linaubeba. Mzigo haumsumbui hata kidogo. Kinachomsumbua ni malipo.

Binti yake alimfungulia duka la mtandaoni na humo wakaweka kitufe cha kulipia cha kampuni moja ambayo sitaitaja. Mteja wa Dar akalipa shilingi 84,000. Simu ya mteja ikasema malipo yamekamilika. Ya shangazi ikakaa kimya. Mteja akatuma picha ya ule ujumbe, shangazi akaona aibu kumkatalia, mzigo ukaondoka. Zikapita siku tisa. Namba ya huduma kwa wateja ilipokelewa na muziki. Siku ya kumi hela ikaingia, imepungua, bila neno.

"Wamekata ngapi, na kwa hesabu gani?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekata. Halafu: "Wewe mwanangu umesoma chuo kikuu. Nichagulie njia ya kupokelea hela ambayo haitanipa presha."

Nikadhani ni kazi ya dakika kumi. Nikachukua daftari, nikaorodhesha makampuni, asilimia zao, muda wao wa kulipa. Nilipomaliza nikaona sijajibu kitu. Nilikuwa nimelinganisha bei, na shangazi hakuuliza bei. Aliuliza amwamini nani. Na hilo ni swali la zamani sana pale kwetu. Siku mbili zilizobaki nikazitumia kuwauliza wazee hela ya kutoka mbali walikuwa wanaipokeaje enzi zao, na usiku nikawa nakumbuka yale niliyosoma chuoni. Ngoja niwasimulie.

Kwanza tuondoe dhana kwamba milima ile ilikuwa imejifungia. Wahunzi wa ukoo wa Washana kule Ugweno walikuwa wanayeyusha chuma na kukiuza hadi kwa Wachaga zamani kabla Mzungu hajapanda Kilimanjaro. Karne ya 19 misafara ya kutoka Pangani ilipita bondeni ikifuata mto. Biashara ilikuwepo, tena kubwa, ila aliyekulipa alisimama mbele yako. Kama jembe lilikuwa bovu ulijua uende kwa nani.

Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, Same ikawa na kituo, na maduka yakafuata. Ndipo ikaja mali kauli: unachukua mzigo leo, unalipa ukishauza, dhamana ni neno lako. Inaonekana ni jambo la hatari, na lilikuwa la hatari, lakini mwenye duka alijua nyumba yako, mke wako na shamba lako. Umbali kati ya hela na mwenye hela ulikuwa umeanza kurefuka. Haukuwa umekatika.

Sasa hapa nitasimama kidogo, kwa sababu lile swali la shangazi la "kwa hesabu gani" liliwahi kuulizwa Same na maelfu ya watu kwa mpigo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ilileta Upare kodi mpya ya ngazi, kila mtu alipe kadiri ya mali yake, na ikaipa jina la Kipare, mbiru. Watu hawakuwa wageni wa kodi; ile ya kichwa walikuwa wanailipa. Hii mpya ilikuwa na wakadiriaji. Mtu anakuja, anatazama migomba yako, mbuzi wako, anaandika namba, na namba hiyo ndiyo unayodaiwa. Jirani mwenye shamba kama lako anaandikiwa nyingine. Ukiuliza imefikiwaje, hakuna wa kukueleza. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa wakidai kodi ile iondolewe. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaingia, wakamkabili mtawala uso kwa uso. Kufika 1947 mbiru ilikuwa imekwisha. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upare aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliliandikia jambo hili kijitabu kizima, na anaonyesha kwamba ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya namna ya kukadiria kuliko juu ya kulipa kwenyewe.

Najua kuna atakayesema navuta kamba mno, kodi ya mkoloni na makato ya kampuni ya malipo wapi na wapi. Sawa. Lakini mtu aliyekatwa bila kuelezwa hesabu anakasirika kwa namna ileile, iwe 1945 au juzi.

Miaka ya Ujamaa naipita haraka. Februari 1967 mabenki yalitaifishwa, ikaja NBC, na mfanyabiashara mdogo akajifunza kupanga foleni. Mkulima wa kahawa alilipwa kupitia ushirika wake, malipo ya kwanza, kisha anasubiri ya pili, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kwa tangazo. Hawala ya posta ilikuwepo na ilifika, ikipenda.

Kilichofanya kazi kweli, kila mzee niliyemuuliza alitaja hichohicho: basi.

Same iko kando ya barabara kuu ya Dar kwenda Moshi na Arusha. Shangazi alinieleza jinsi marehemu babu yangu, alipokuwa na kibanda cha mchele wa Ndungu, alivyokuwa akilipwa na wateja wa Dar. Mteja anakwenda stendi asubuhi, anamkabidhi kondakta hela ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mkunjo. Anampa na nauli ya bahasha. Kisha anapiga simu, na kabla ya simu za mkononi alituma salamu kwa mtu, kwamba bahasha iko kwenye basi fulani, kwa konda fulani. Mchana babu anasubiri stendi ya Same pamoja na wengine kumi. Basi likichelewa wanajua limeharibika Korogwe au Hedaru. Konda akiteremka anaita majina.

Zilipotea? Zilipotea. Lakini shangazi alisema neno ambalo nililiandika palepale: "Konda akila hela ya mtu, kesho basi lake linapita hapa hapa." Huo ndio ulikuwa mfumo mzima wa usalama. Hakukuwa na nywila, hakukuwa na risiti. Kulikuwa na barabara moja na basi lisiloweza kupita pengine.

(Mnajua ule utani kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Tunataniwa sana. Lakini kesi inahitaji mshitakiwa, na mshitakiwa wa bahasha alikuwa anajulikana kwa jina na kwa basi.)

Simu za mkononi zilipoenea watu wakabuni njia nyingine: unanunua vocha za kukwangua Dar, unasoma tarakimu kwa simu, mwenye duka wa Same anaziuza na kumpa ndugu yako taslimu, akibakiza chake. Ilikuwa benki ya mtaani kabla makampuni hayajashtuka. Yalishtuka: Kenya M-Pesa ilianza Machi 2007, kwetu Vodacom wakaileta 2008, Zap ya Zain ikafuata 2009 na Tigo Pesa 2010. Lugha nayo ikapata msemo wake, "tuma na ya kutolea", ambao ukiusikia unajua anayeomba ni Mtanzania.

Kilichoifanya ikubalike Same, kwa maelezo ya shangazi, alikuwa wakala. Kibanda chenye mwamvuli, kijana unayemfahamu kwao, daftari unalosaini. Hela ilipita hewani lakini huku mwisho ilitoka kwenye mkono wa mtu. Ukikosea namba ulimkimbilia yeye kwanza. Matapeli pia waliliona hilo pengo kati ya hewa na mkono, wakatuletea "ile hela itume kwenye namba hii", ujumbe ambao sidhani kuna Mtanzania mwenye simu hajawahi kuupata.

Kwa miaka kadhaa mwenye biashara alilazimika kuwa na laini tatu, maana mitandao ilikuwa haiongei. Ilianza kuunganishwa 2014, na Vodacom wakaingia 2016. Kati ya hapo, mwaka 2015, ikapitishwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Haikuandikwa sana magazetini wakati huo, lakini ndiyo iliyoweka wazi kwamba anayeshika hela za watu kwa njia hii sharti awe na leseni ya Benki Kuu, na kwamba hela ya mteja iliyoko kwenye simu ihifadhiwe benki, mbali na hela ya kampuni.

Halafu Julai 15, 2021, tozo. Kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, juu ya ada ya kawaida. Septemba zikapunguzwa asilimia 30, na katika miaka miwili iliyofuata zikaendelea kupunguzwa. Shangazi anakumbuka wiki zile kwa jambo moja: bahasha zilirudi kwenye mabasi.

Sasa turudi kwenye zile siku tisa, maana nilizifuatilia, na hela haikuwa imepotea. Mteja akilipia kwa namba ya lipa ya mtandao wa simu, hela inatoka kwake na kuingia kwa muuzaji na wote wawili wanapata ujumbe. Akilipia kwa kitufe cha kwenye tovuti, mara nyingi kuna dalali katikati. Hela inaingia kwanza kwa dalali, anaiandika, anakata asilimia yake, kisha anamlipa muuzaji kwa ratiba aliyojiwekea. Mteja anaambiwa "imekamilika" kwa sababu kwa upande wake imekamilika kweli. Wa shangazi alikuwa na ratiba ndefu na mkataba ambao binti aliukubali bila kuusoma. Malipo ya kadi yana jambo lingine tena: mwenye kadi anaweza kulalamika benki kwake na hela ikarudishwa wakati mzigo umeshafika.

Dalali si adui. Ndugu yetu aliyeko Uingereza au Oman hawezi kulipia kwa namba ya lipa kirahisi, na PayPal kwa miaka mingi ilimruhusu Mtanzania kutuma tu, kupokea hapana. Ndiyo maana kampuni kama Selcom ya hapa nyumbani, iliyoanza 2001, au Pesapal ya Kenya ya 2009, zilipata kazi ya kufanya. Lakini huwezi kumchagua dalali kwa asilimia peke yake. Nilimwambia shangazi aangalie kwanza kama jina la kampuni limo kwenye orodha ya wenye leseni, ambayo Benki Kuu huiweka kwenye tovuti yake. Asome hela yake italala kwa dalali siku ngapi. Ajaribu kwa shilingi 1,000, kisha aombe irudishwe, aone nani atapokea simu. Na kwamba tangu 2019 kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, kwa hiyo kampuni ikimpuuza anaweza kwenda hadi Benki Kuu. Hilo la mwisho lilimfurahisha kuliko yote. Mpare ni Mpare.

Maoni yangu binafsi yalikuwa haya: kwa wateja wa nchini atumie namba ya lipa, aiandike kwenye pakiti pamoja na jina litakalotokea, na kitufe cha tovuti akiachie wateja wa nje tu, kupitia benki yenye tawi hapo hapo Same ambako anaweza kwenda kwa miguu na kugonga meza. Inakula faida kidogo. Alikubali la kwanza haraka, la pili akasema atafikiri.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta uani, simu iko kwenye spika juu ya ungo wa tangawizi, anaongea na dada wa kampuni nyingine ambayo binti yake alikuwa ameipenda. Dada alieleza asilimia, alieleza usalama, alieleza kila kitu kwa sauti nzuri. Shangazi akamsikiliza hadi mwisho.

"Sawa mwanangu. Sasa nikija na shida yangu, ofisi yenu iko wapi, na nimuulizie nani?"

Dada akacheka kidogo. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu, anasubiri jina.