Safu ya lugha: Kanzu ya padri

Balangdalalu, wilayani Hanang, niliona kanzu nyeupe ya padri imeanikwa kambani baada ya misa. Pindo lake lilikuwa na mstari wa vumbi jekundu ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Mama mmoja akamwambia mwanawe, "Usiishike kanzu ya baba."

Kanzu, alisema. Nalipenda jambo hili mno: vazi la shehe wa Bagamoyo na la padri wa Jimbo Katoliki la Mbulu yana jina moja, wala hakuna anayechanganyikiwa. Siku hizi magazeti yanaandika "joho la padri". Hapana. Joho huwa wazi mbele na huvaliwa juu ya nguo nyingine, kama la mhitimu wa chuo. Kanzu hufungwa mpaka shingoni. Altareni padri huvaa alba, stola na kasula, na kila moja ina jina lake.

Mbulu inaijua pia kanzu ya kahawia. Maaskofu wake wawili wa zamani waliofuatana, Yuda Thadei Ruwa'ichi na Beatus Kinyaiya, ni Wakapuchini, shirika lililopata jina kutokana na kofia iliyoshonewa kwenye kanzu yao. Waitaliano huiita cappuccio. Masista nao wana shela, neno lilelile la bibi harusi, na hapo Kiswahili kimesema jambo zito kuhusu nadhiri zao.

Waandishi wenzangu, padri akivaa kanzu, andikeni kanzu.