Mama na mtoto: kazi ya muuguzi inaanza mbele ya uchungu

Watu wengi wanafikiri kazi ya muuguzi wa materniti ni kupokea mtoto anapozaliwa. Hiyo ni sehemu moja tu. Kazi inaanza mimba ikiwa changa, na inaendelea mpaka mtoto afikishe miaka 5. Kila hatua inategemea ingine: kitu ambacho hakikuonwa kwenye CPN kinaweza kutokea usiku wa kuzaa, wakati hospitali iko mbali na barabara haipitiki.

CPN: kupima kile mama hasikii

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mama mwenye mimba aonane na mhudumu wa afya mara 8, mara ya kwanza mbele ya wiki 12 kwisha. Zamani ilikuwa mara 4. Lakini wengi wanangoja tumbo lionekane kwanza.

Siku ya CPN muuguzi anapima tansio. Ikifika 140 kwa 90 ao kupita, anaangalia pia mkojo, juu ya ugonjwa wa mimba unaoweza kuleta degedege. Mama anaweza kuwa na ugonjwa huo bila kusikia maumivu yoyote. Ndiyo maana anapimwa hata kama anajisikia mzima. Anapimwa pia damu: upungufu, kaswende na VVU. Mama mwenye VVU akianza dawa mapema, mtoto anaweza kuzaliwa bila virusi. Kwa malaria, anapewa chandarua, na kuanzia wiki ya 13 anakunywa Fansidar, walau mara 3, kila dozi ikipishana na ingine mwezi mmoja ao zaidi. Yule anayekunywa Bactrim juu ya VVU hapewi Fansidar.

Saa ya kuzaa

Uchungu ukikaza, muuguzi anaandika kwenye partogramu: njia inafunguka namna gani, moyo wa mtoto unapiga namna gani, tansio ya mama ni ngapi. Karatasi hiyo inamwonyesha mapema kama kazi imekwama, na mama atumwe hospitali kubwa ya zone. Familia zingine zinaona kutumwa ni kushindwa kwa kituo. Sivyo: muuguzi anayetuma mapema ameona hatari ingali mbali.

Kutokwa damu nyingi kisha kuzaa ndiko kunaua akina mama kuliko shida ingine yoyote ya uzazi, na inaweza kutokea kwa saa chache tu. Kwa kuzuia, mama anachomwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, mara tu mtoto anapotoka. Dawa hiyo inataka baridi, digri 2 mpaka 8. Mahali hakuna frigo, vidonge vya misoprostol vinasaidia.

Mtoto anapanguswa mara moja. Asipopumua, anasaidiwa kwa mfuko na maski katika dakika ya kwanza. Akipumua vizuri, anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na ananyonya ndani ya saa ya kwanza. Kuoga kunaweza kungoja saa 24. Majivu ao udongo juu ya kitovu hapana: vinaweza kuleta pepopunda.

Kisha kuzaa

Mama abaki kituoni walau saa 24. Wengine wanatoka mapema juu ya watoto waliobaki nyumbani, ao juu ya kuogopa fakitire. Mpango wa serikali wa kuzaa bila kulipa ulizinduliwa Kinshasa mwezi wa 9, 2023, na unaendelea kufikishwa kwenye provensi zingine. Iko vizuri kuuliza kwenye kituo, siku ya CPN, kama kimo ndani ya mpango huo.

Kisha zinafuata siku za kilo. BCG na matone ya polio mtoto anapewa akizaliwa. Chanjo zingine wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua na ya homa ya manjano mwezi wa 9. Kwa miezi 6 ya kwanza anyonye tu, hata maji hapana. Kilo ikikaa pale pale miezi miwili, muuguzi anatafuta sababu mbele mtoto hajakonda.

Alama zisizongoja kesho

Kwa mama: damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, degedege, homa, maji kupasuka mbele ya uchungu, ao mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, kupumua mbio, mwili wa moto ao wa baridi, kitovu chenye usaha.

Mimba ikifika miezi 7, familia ipatane: nani atalipa moto, ao nani watabeba kipoyi mahali moto haifiki, nani anaweza kutoa damu, nani atabaki na watoto. Mama aliyekimbia vita asingoje kurudi kwao. Abebe fishi yake ya CPN, aende kituo cha afya cha karibu. Hata kama fishi ilibaki njiani, ataandikiwa ingine na kupimwa siku hiyo hiyo.