Kusasisha si kuhamia toleo jipya

Kitenzi kusasisha kimetokana na sasa, nacho kinafaa pale programu inapozibwa matundu ya usalama huku mafaili yakibaki yalivyo. Kosa ni kukitumia hata umbo la faili linapobadilika. Word 2007 ilianza kuhifadhi maandishi kwa docx badala ya doc, na Word 2003 haikuweza kuyafungua bila kuongezewa kifurushi maalumu. Tuseme ofisi moja ya Kasulu imebadili programu na ile ya Kibondo bado: muhtasari wa kikao utafika, lakini hautafunguka. Aliyeambiwa "tumesasisha" hakuonywa lolote. Hapo iandikwe "tumehamia toleo jipya", maana anayehama huulizwa ameacha nini nyuma.

Wapo watakaosema kuapdeti, kutoka Kiingereza update, kumeshazoeleka. Kweli kunaeleweka, ila kunafunika mambo yote mawili, na hasara humwangukia mwenye kompyuta ya zamani. Wengine watajibu kwamba programu mpya hufungua mafaili ya zamani. Mara nyingi ndivyo, lakini kinyume chake hakina uhakika. Tangu Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili ya mwaka 2004, Kiswahili kimo kwenye menyu za programu za ofisi, kwa hiyo maneno yake yafaa yachaguliwe kwa uangalifu. Makarani, kabla ya kutuma faili, mtajieni mpokeaji toleo la programu mliyotumia.