Kutoka Mnazi Mmoja hadi Madale: michezo ilivyobadili kazi yake mjini

Klabu ya mpira ya Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata kundi lililojitenga nayo likaunda timu iliyopita katika majina ya Queens, Eagles na Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Tumezoea kuisimulia historia hii kwa magoli na makombe, kana kwamba klabu ziliundwa ili zicheze tu. Ukitazama mji wa wakati ule utaona jambo zito zaidi. Mkoloni alikuwa ameutenga mji kwa rangi, na Mnazi Mmoja palikuwa mpaka wa wazi kati ya Kariakoo ya Waafrika na katikati ya mji. Kijana aliyetoka Uzaramo au Rufiji kutafuta kibarua alifika mahali ambapo hakuwa na ukoo wa kumuuguza wala wa kumzika. Klabu ilimpa watu. Hoja yangu ni kwamba kazi ya michezo katika jamii haiamuliwi na mchezo wenyewe. Huamuliwa na nani anaishika klabu na nani anaushika uwanja.

Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu dini, alieleza kwamba watu wanapokusanyika na kupandwa na hisia pamoja, jamii hujifunga upya. Maelezo hayo yanaigusa Kariakoo, lakini pwani yetu ina ushahidi wake wa zamani zaidi ya mpira. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975, alionyesha jinsi vyama vya ngoma ya beni, hasa Marini na Arinoti, vilivyoigawa miji ya Afrika Mashariki pande mbili. Vilikuwa na vyeo, sare, michango na ushindani mkali. Mtafiti Mjapani Tadasu Tsuruta naye amechunguza jinsi utani wa Simba na Yanga ulivyokua pamoja na mji. Kwa hiyo Waingereza walileta sheria za mpira, lakini watu wa mji waliupokea wakiwa tayari na desturi ya kushindana kwa vyama, wakautia humo. Ndiyo maana mkoloni aliyetaraji mpira uwafunze vijana utii alijikuta na klabu za Waafrika zilizojiendesha zenyewe, na Yanga ikawa karibu na TANU, chama kilichopigania Uhuru.

Baada ya Uhuru, dola ilijitwika kazi ya kuiongoza michezo. Sheria Namba 12 ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Michezo la Taifa, na mwanariadha akawa mjumbe wa nchi. Februari 1974 Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Miaka miwili baadaye hakukimbia katika Olimpiki ya Montreal, kwa sababu Tanzania ilisusia mashindano kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya makaburu. Mtu mmoja alipoteza nafasi ya medali ili taifa lisimame na wanaoonewa. Ulikuwa uamuzi wa heshima, lakini ulionyesha pia kwamba mwenye kauli juu ya michezo sasa alikuwa serikali.

Zamu ya tatu ni ya soko. Uwanja wa Mkapa, wenye viti 60,000, ulifunguliwa mwaka 2007. Mwaka 2017 kampuni moja ya kubeti ilizidhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja, na mwaka huohuo wanachama wa Simba waliridhia klabu yao iingie katika mfumo wa hisa. Hapa wafuasi wa Marx husema mpira ni kileo: kijana anashinda kibanda umiza akiusubiri mkeka wake utiki, huku akisahau kwamba hana ajira. Pingamizi hilo lina ukweli, nami sitaki kulipuuza. Lakini linamchukulia shabiki kuwa mtu wa kupokea tu, na historia ya Kariakoo inalikanusha. Wengine watasema kinyume chake: fedha zimeinua kiwango, kwani Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Ni kweli pia. Ila ubora wa timu ni jambo moja, na kazi yake kwa mwananchi ni jambo lingine. Aliyekuwa mwanachama anageuzwa mteja.

Basi kazi ile ya mwaka 1935, ya kumpa mgeni watu wake, imehamia wapi? Imehamia pembezoni mwa mji. Alfajiri ya Jumamosi na Jumapili, barabara za Temeke na Kinondoni hujaa vikundi vya jogging, wake kwa waume, wakikimbia kwa sare na nyimbo. Wengi wao huchangiana katika ugonjwa na msiba. Timu za mchangani nazo zinaubeba mtaa, na mashindano ya Ndondo Cup yalizipa jukwaa. Madale, Goba na Mbagala zimejengwa na watu waliotoka kila mkoa, wanaohitaji ujirani kama walivyouhitaji wageni wa Kariakoo. Tofauti ni ardhi. Mashamba ya Madale yalikatwa na kuuzwa kipande kwa kipande, na kwa muuzaji eneo la kuchezea ni hasara. Anayesema viwanja vya nyasi bandia vya kukodi vitaziba pengo ajibiwe na mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu: mchezo unaoumudu hufuata kipato na muda ulio nao. Kiwanja cha kulipia kwa saa hukusanya wenye nacho, na jirani asiye nacho hubaki nje.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2027, na fedha nyingi zinaelekezwa kwenye viwanja vikubwa. Nchi inastahili fahari hiyo. Lakini halmashauri za Kinondoni na Temeke zina wajibu ulio mkubwa zaidi: kupima maeneo ya wazi yaliyosalia, kuyapatia hati kwa jina la umma, na kuukabidhi mtaa usimamizi wake kabla kipande cha mwisho hakijauzwa.