Visiki na kina cha ziwa: mambo ya kujua kabla ya kupakia boti

GIKONDO, Kigali – Baadhi ya mizigo inayotoka Gikondo, eneo lililojulikana kwa miaka mingi kwa maghala ya forodha ya MAGERWA, humalizia safari kwa boti katika Ziwa Kivu. Mwenye mzigo huuliza nauli na siku ya kufika. Ni wachache wanaouliza kuna nini chini ya maji mahali boti itakapotia nanga.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na kina chake hufikia mita 485. Katikati hakuna cha kugonga. Tatizo liko kandokando, hasa maji yakipanda na kufunika miti ya ufukweni. Nchini Kenya, maziwa Naivasha na Baringo yalipofurika katika miaka ya 2010 na mwaka 2020, migunga mingi ilifia majini.

Mfano mkubwa zaidi ni Ziwa Volta, Ghana. Bwawa la Akosombo lilikamilika mwaka 1965, na misitu mingi ilizama bila kukatwa. Boti za abiria zimegonga visiki na watu wamekufa, miongo kadhaa baadaye. Mbao zenyewe haziozi upesi, kwani chini kabisa hewa ni haba. Zimevunwa na kuuzwa.

Wapimaji hupitisha boti kwa mistari, huku kifaa cha sonari kikituma sauti chini na kuhesabu muda hadi mwangwi urudi. Sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo hata penye kina kirefu cha Kivu jibu hupatikana kabla ya sekunde 1 kwisha. Hata hivyo, sonari ya kawaida husoma palipo chini yake tu. Mti uliosimama kati ya mistari miwili hauingii kwenye ramani. Sonari ya pembeni hufagia eneo pana na kuonyesha shina pamoja na kivuli chake. Kwa maoni yetu, penye gati gharama hiyo ni halali.

Ukipewa ramani ya kina, tazama kwanza tarehe na usawa wa maji uliotumika. Ziwa likishuka sentimita 60, mita 2 za kwenye karatasi ni mita 1.4, na boti yenye shehena huzama zaidi kuliko tupu.

Pasipo ramani, muulize nahodha aliona nini pale gatini maji yalipokuwa machache.